Babu Hakukosea Siku

Nyumbani kwetu Langoni, Lamu, kuna msahafu mkubwa ambao jalada lake limeliwa na mchwa upande mmoja. Hausomwi tena, maana karatasi zake hukatika zikiguswa. Lakini katika kurasa tupu za mwanzo, babu yangu mzaa mama aliandika kwa wino mweusi, kwa Kiswahili cha khati za Kiarabu, siku walizozaliwa wanawe na siku walizofariki jamaa zake. Bila shaka wasomaji wengi wa pwani wana msahafu kama huu, ama karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku la bibi.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja likizo na kompyuta yake. "Mjomba," akaniambia, "nataka kuitia nasaba yetu yote humu ndani." Alikuwa na programu iitwayo Gramps, jina ambalo Waingereza humwitia babu kwa mapenzi. Watu wapendao mambo ya nasaba walianza kuitengeneza mwaka wa 2001, na kila atakaye huipata bure. Kazi yake ni kuunganisha watu: huyu ni mwana wa nani, alioa wapi, alizaliwa lini.

Hapo ndipo aibu yetu ya kwanza ilipotokea. Shajara yetu, ambayo wazee huisoma kwa fahari kutoka fulani bin fulani mpaka Hadhramaut, haikuwa na jina hata moja la mwanamke. Kompyuta iliuliza mama wa kila mtu, nasi tukabaki kutazamana.

Aibu ya pili ilinigusa zaidi. Babu aliandika kwamba mama yangu alizaliwa Alhamisi baada ya adhuhuri, tarehe 27 Rajabu 1352. Programu ile inaikubali tarehe ya Hijra na kuigeuza kuwa ya miladi, ikatoa 15 Novemba 1933. Mpwa wangu akaitafuta siku hiyo katika kalenda, akaikuta ni Jumatano. "Babu alikosea," akasema, na kidole chake tayari kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta ile Alhamisi.

Nilimzuia. Mtu aliyeandika siku ya kuzaliwa mwanawe ndani ya msahafu, tena siku ya Miraji, hakosei kama alikuwa Jumatano ama Alhamisi! Lakini hasira haiwi hoja. Ilitubidi tujue kompyuta ilipataje Jumatano yake.

Jibu ni kwamba kompyuta haitazami mwezi. Inahesabu. Hesabu yake ni ile ya duara la miaka 30, ambamo miaka 19 ina siku 354 na miaka 11 ina siku 355. Miezi hupokezana, huu siku 30 na unaofuata siku 29. Wanavyuoni wa falaki waliitumia hesabu hiyo zamani sana, na ni hesabu nzuri, maana kwa karne nyingi haiachani na mwezi. Lakini kwa mwezi mmoja peke yake inaweza kutangulia ama kuchelewa kwa siku moja. Babu naye hakufuata duara. Alifuata mwezi ulioonekana.

Basi tukafungua programu nyingine, Stellarium, ambayo nayo hutolewa bure na ilianzishwa na Mfaransa, Fabien Chéreau. Hii huonyesha mbingu za mahali popote na za siku yoyote. Ukiiambia Lamu, magharibi, 19 Oktoba 1933, inakuchorea jua likitua na mwezi ulipo. Ikiwa hesabu ya duara ni kweli, mwezi wa Rajabu ulipaswa kuonekana jioni hiyo. Lakini mwezi ulikuwa umeungana na jua asubuhi ya siku ile ile, kabla ya saa 3. Magharibi ilipofika ulikuwa haujatimiza hata saa 10. Hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuuona mwezi mchanga hivyo, hata awe nahodha wa namna gani. Jioni ya pili ulikuwa juu kidogo, umepita saa 33, na mtu aliyesimama juu ya dari angeuona bila taabu.

Kwa hivyo mosi Rajabu ilikuwa Jumamosi, 21 Oktoba. Hesabu mwenyewe, msomaji. Tarehe 27 ni Alhamisi, 16 Novemba 1933.

Sikusema neno. Mpwa wangu ndiye aliyeandika upya ile Alhamisi.

Mchezo huu wa kurudisha mbingu nyuma si mgeni katika Uislamu. Mmisri mmoja, Mahmud Pasha al-Falaki, aliyezaliwa mwaka wa 1815, aliufanya kwa kalamu na karatasi. Inajulikana kwamba siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa mjini Madina. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo, naye Mtume akawakanya kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Al-Falaki alikokotoa kupatwa kule akakuta ni 27 Januari 632, yaani mwisho wa Shawwal, mwaka wa 10 wa Hijra. Kazi yake ilipigwa chapa mwaka wa 1858. Iko riwaya iliyotaja tarehe 10 ya mwezi, lakini hilo haliwezekani, kwa sababu jua hupatwa mwezi unapokwisha tu. Wanavyuoni wa zamani waliliona hilo kabla yake. Leo mtu huketi barazani, akaandika Madina na tarehe hiyo, akaliona jua la asubuhi likiliwa.

Hata hapa kwetu iko tarehe inayohitaji kutazamwa tena. Huko Gedi kuna kaburi lililochongwa mwaka wa 802 wa Hijra, nalo hutajwa kuwa la mwaka wa 1399. Lakini mwaka wa 802 ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400, na thuluthi zake mbili zimo katika 1400. Mchongaji alituachia mwaka tu. Lau angetuachia na siku, tungejua zaidi.

Nina lalamiko moja. Ili kompyuta moja isome nasaba iliyoandikwa katika nyingine, hutumiwa kanuni iitwayo GEDCOM, iliyotolewa mwaka wa 1984 na kanisa la Wamormoni huko Marekani. Kanuni hiyo inaitambua kalenda ya Mayahudi, na hata ile ya mapinduzi ya Ufaransa iliyotumika miaka kama 12 tu. Ya Hijra haimo katika orodha yake, ingawa toleo la mwaka wa 2021 limeacha mlango kwa atakaye kuiongeza. Ndiyo maana nimemwambia mpwa wangu ayanakili maneno ya babu kama yalivyo, pamoja na jina la siku, kando ya tarehe ya miladi.

Sasa tumekwama kwenye mstari mwingine. Ndugu yake babu alizama na jahazi, na siku yake imeandikwa Jumatatu, 3 Safar, mwaka wa 13 na kitu. Tarakimu mbili za mwisho zimo tumboni mwa mchwa. Tulijua kwamba ni baina ya 1320 na 1350, na kwamba Jumatatu hiyo yaweza kupishana na hesabu kwa siku moja. Miaka ikawa mingi.

Mama mdogo ndiye aliyetusaidia. Alisikia kwa baba yake kwamba siku ile majahazi ya Arabuni yalikuwa yangali bandarini, yakingoja kurudi. Basi ilikuwa kaskazi. Mpwa wangu akaifuta miaka yote ambayo Safar iliangukia kusi ama matlai, ikabaki mitano: 1325, 1328, 1330, 1331 na 1333. Nyota yenye mkia ya Halley ilionekana Aprili na Mei 1910, miezi michache baada ya ile Safar ya 1328. Ijumaa nitakwenda tena kwa mama mdogo, nimwulize kama baba yake aliwahi kuitaja.