Konvata Huchaguliwa na Betri

Marekani na Kanada kuna magari na trela zenye vitanda, jiko na choo, ambazo wenyewe huziegesha kwenye viwanja vya kambi na kuzichomeka kwenye nguzo ya umeme wa volti 120. Taa za ndani, pampu ya maji na feni ya hita, hata hivyo, hutumia volti 12 za DC. Kinachoushusha umeme wa nguzo, na papo hapo kuchaji betri ya ndani, ni konvata. Aliyezoea inverta ya sola aelewe kwamba hii hufanya kazi kinyume chake: inverta huutoa umeme kwenye betri ikaupandisha. Konvata inapokufa, wengi husoma ampea zilizoandikwa kwenye boksi la zamani, wakanunua nyingine ya ampea hizohizo au kubwa zaidi ili wawe salama. Kwa maoni yangu wanaanzia mwisho. Cha kutazama kwanza ni aina ya betri, kisha volti ambazo konvata itaipa.

Konvata nyingi za zamani zilikuwa na transfoma nzito yenye kuvuma, zikitoa takriban volti 13.8 usiku na mchana. Volti hizo ni kidogo kwa betri ya maji iliyotumika mpaka nusu, hivyo huchukua muda mrefu kujaa. Na ni nyingi mno kwa betri iliyokwisha kujaa. Trela ikiachwa imechomekwa kiangazi kizima kwenye joto la Arizona, maji hupungua hadi bamba za risasi zikabaki wazi, na betri ndiyo hiyo imekwisha. Konvata za sasa hubadilisha volti kwa awamu: kama 14.4 za kusukuma chaji, 13.6 za matumizi ya kawaida, na 13.2 gari likikaa bila mtu. Betri ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti huhitaji 14.4 hadi 14.6. Ni kweli, kama wauzaji wanavyosema, kwamba konvata ya zamani nayo itaichaji. Itaichaji, ila polepole, na huenda isifikie volti ambazo saketi ya ndani ya betri hiyo huzisubiri ndipo ianze kusawazisha seli.

Wapo watakaosema kwamba konvata yao kuukuu imetunza betri miaka mingi bila matatizo. Inawezekana, kwa mtu anayefungua vifuniko na kuongeza maji kila mara. Hapo aliyetunza betri ni yeye. Hoja nzito zaidi ni ya ampea: kwamba zikiwa nyingi, betri hujaa haraka. Kwa lithiamu kuna ukweli ndani yake. Lakini betri ya maji ya ampea-saa 100 huridhika na ampea 10 hadi 25 hivi, na ikikaribia kujaa hupokea kidogo tu, hata ukiifungia konvata ya ampea 80. Tena kuna waya, ambao watu husahau. Konvata hukaa chini ya kabati, betri iko mbele kabisa kwenye ulimi wa trela. Waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, mita tano kwenda na tano kurudi, ukipitisha ampea 50 hupoteza takriban volti 1 nzima. Zile 14.4 ulizolipia zinafika kwenye betri zikiwa 13.4.

Kabla ya kununua lolote, volti zipimwe kwa mita kwenye vichwa vya betri. Betri ya maji iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6, gari likichomekwa lazima zipite 13. Zisipopanda, huenda konvata ni nzima na kilichokatika ni fyuzi zake za kinga, ambazo huungua mara tu mtu anapokosea kufunga betri. Kosa hilo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu katika mengi ya magari haya waya mweusi wa volti 12 ndio chanya na mweupe ni hasi, na mtu wa magari ya kawaida huzoea mweusi kuwa hasi. Upande wa volti 120 mweusi ndio wenye moto, kwa hiyo plagi ya nguzo ichomolewe na betri ifunguliwe kabla ya kugusa bisibisi. Konvata mpya ikishafungwa, mita irudi kwenye vichwa vya betri, si kwenye konvata yenyewe, ambako volti huonekana nzuri siku zote.