Je, wajua tarakimu moja inavyookoa ada?

Shule zinapofunguliwa, mhasibu hukaa na orodha mbili mezani: taarifa ya miamala iliyotoka benki au kwenye simu, na daftari la wanafunzi wanaodaiwa. Kazi yake ni kujua pesa ipi ni ya mtoto yupi. Mzazi mmoja kaandika 48713 badala ya 48173. Mwingine kaandika jina la mtoto, mwingine lake mwenyewe, mwingine kaandika "ada" basi. Pesa imeingia lakini haina mwenyewe, hivyo inawekwa kwenye akaunti ya fedha zisizojulikana, na mtoto anarudishwa nyumbani kufuata ada ambayo imeshalipwa.

Siku hizi wauza programu wanazunguka ofisini na akili mnemba ya kuoanisha malipo na ankara. Ni teknolojia nzuri, nami naipenda. Kinachoniudhi ni taasisi kulipa mamilioni ili itafutiwe wenye pesa, wakati namba za akaunti ilizogawa yenyewe haziwezi kugundua kosa hata moja. 001, 002, 003: ukikosea 002 ukaandika 003, umemlipia jirani.

Dawa yake ina zaidi ya miaka 70. Mwaka 1954 Hans Peter Luhn, mtaalamu wa IBM mzaliwa wa Ujerumani, aliomba hataza ya kifaa cha mkononi cha kuhakiki namba, akaipata mwaka 1960. Hesabu yake anaiweza mtoto wa darasa la nne. Chukua namba 4817. Anzia kulia, zidisha tarakimu moja kwa mbili, inayofuata iache: 7 inakuwa 14, 1 inabaki 1, 8 inakuwa 16, 4 inabaki 4. Jibu likizidi 9, jumlisha tarakimu zake, kwa hiyo 14 ni 5 na 16 ni 7. Sasa 5, 1, 7 na 4 ni 17. Kufika 20 imepungua 3. Hiyo 3, yaani tarakimu ya ukaguzi, ibandike mwishoni, na mwanafunzi umpe 48173.

Mzazi akipishanisha 1 na 7 akaandika 48713, kompyuta inarudia hesabu ile ile, inajumlisha na ile 3 ya mwisho, inapata 23. Jumla isiyoishia na sifuri maana yake namba hiyo haikutolewa na shule. Akikosea tarakimu moja tu, iwe ipi, atanaswa. Akipishanisha mbili zilizo jirani atanaswa pia, isipokuwa 09 ikigeuka 90 au 90 ikigeuka 09. Mholanzi Jacobus Verhoeff aliziba hata mwanya huo mwaka 1969, na njia yake ndiyo inayotumiwa na India kwenye namba za utambulisho za Aadhaar.

Ukaguzi huu una faida kubwa zaidi ukifanyika kabla pesa haijatoka kwa mlipaji. Nchini Kenya, kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha mifumo ya biashara na malipo ya simu, biashara yenye namba ya malipo ya Paybill inaweza kuulizwa kwanza: akaunti hii mnaitambua? Mfumo wake ukijibu hapana, muamala unakatwa na mteja anabaki na pesa yake. Huduma hiyo sharti iombwe. Asiyeiomba hupokea chochote kilichoandikwa. Serikali ya Tanzania ilipita njia nyingine: ankara inatengenezwa kwanza, inapewa namba ya kumbukumbu ya tarakimu 12, ndipo mtu analipa. Namba moja, deni moja. Wanaolalamika kuhusu usumbufu wa kuomba namba hiyo wangeona kazi inayomwondolea mhasibu, wangeiombea ienee kila mahali.

Hata hivyo, watu wataendelea kuandika majina, na hapo ndipo mashine zetu za kigeni zinapotuangusha. Kuna mbinu kongwe iitwayo Soundex, ya mwaka 1918, iliyobuniwa Marekani kufananisha majina yanayosikika sawa. Hushika herufi ya kwanza, hutupa irabu pamoja na h, w na y, na konsonanti zilizobaki huzipa tarakimu. Kwa mbinu hiyo Khadija ni K320 na Hadija ni H320, watu wawili tofauti. Lakini Juma na Jane wote ni J500, na Amina na Amani wote ni A550! Lugha ambayo irabu hubeba maana kiasi hiki haiwezi kupimwa kwa kipimo kinachozitupa. Afadhali njia ya Mrusi Vladimir Levenshtein ya mwaka 1965, inayohesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zitolewe ili jina moja liwe jingine. Kutoka Khadija kwenda Hadija ni hatua moja. Kutoka Juma kwenda Jane ni tatu. Ukinunua programu ya kuoanisha malipo, ipe majina haya kwanza kabla hujasaini mkataba.

Akili mnemba inaingia baada ya hayo yote. Hujifunza kutokana na maamuzi ya mhasibu ya miaka iliyopita: simu hii ililipia 48173 mwezi Januari, kiasi kinakaribiana, jina lina tofauti ya herufi moja, basi huenda ni yule yule. Kila jozi inapewa alama. Zenye alama za juu zinapita, za chini zinaletwa kwa binadamu. Kiwango cha kupitisha kinapaswa kuwekwa na mwenye shule, si muuza programu, kwa sababu kumpa mtoto mwingine ada isiyo yake ni kosa baya kuliko kuchelewa siku mbili.

Tahadhari kubwa ni malipo ya jumla, pale mlipaji mmoja anapotuma pesa ya ankara kadhaa kwa mkupuo. Ankara 20 zina michanganyiko zaidi ya milioni moja. Zikifika 30, michanganyiko inapita bilioni. Katika wingi huo, michanganyiko kadhaa inaweza kufikia kiasi kile kile kwa bahati tu, kwa hiyo jumla kulingana si ushahidi wa kutosha. Mashine isiyoonyesha sababu ya chaguo lake isiruhusiwe kufunga deni.

Tarakimu ya ukaguzi yenyewe unaishi nayo tayari: kwenye kadi ya benki, IMEI ya simu yako (piga *#06# ukaijaribu hesabu ya Luhn), mita za umeme wa kulipia kabla za kiwango cha STS, ISBN ya kitabu, misimbo pau ya madukani, na makontena bandarini Mombasa na Dar es Salaam, ambako tarakimu hiyo mara nyingi huchorewa kisanduku chake peke yake.

Kwa hiyo wewe unayegawa namba za akaunti kwenye shule, mamlaka ya maji, SACCOS au jengo la kupangisha: kabla hujaita muuza programu, ongeza tarakimu moja mwishoni mwa kila namba, kisha omba uulizwe kabla pesa haijapokelewa. Hakuna mtu anayedai malipo kwa kutumia kanuni ya Luhn.