Walungu: Wimbo unaponya wamama, lakini anayewasikiliza anapumzika lini?

Kwenye matibabu ya muziki, mama anayeingia na kilio chake haitwi mgonjwa. Anaitwa msanii. Ndivyo unavyofanya mpango wa Healing in Harmony, ulioanza Panzi, mjini Bukavu, mwaka 2015, kisha ukafika Mulamba, katika teritwari ya Walungu, Kivu Kusini.

Mpango huo uliletwa na shirika la Make Music Matter la Kanada, likishirikiana na Wakfu wa Panzi wa daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kazi inafanywa na watu wawili: mwanasaikolojia na fundi wa muziki. Wamama wanakaa pamoja, wanaongea, wanatafuta maneno. Fundi anatafuta mdundo. Polepole, jambo ambalo mtu hakuweza kumwambia hata dada yake linageuka kuwa ubeti, na wenzake wanaitikia. Wimbo unarekodiwa, unaimbwa mbele ya wanakijiji, unapigwa redioni. Hapo jirani aliyemtenga anamsikia kwa sikio lingine.

Matokeo yapo. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kuhusu wanawake wa eneo la kijijini la Kivu Kusini ulionyesha kwamba huzuni, wasiwasi na vidonda vya moyo vilipungua baada ya mpango huo.

Lakini upande wa pili hausemwi sana. Kurekodi si mara moja. Sauti ikikatika, mama anarudia. Mdundo ukipotea, wote wanarudia. Kwa hiyo mhudumu anasikia kidonda kilekile mara tano, mara kumi, kwa siku moja. Jioni anarudi nyumbani na kiitikio kichwani. Usingizi unakatika, hasira inakuja upesi, au anafika mahali ambapo habari mbaya haimgusi tena. Huo si uvivu. Ni uchovu wa kubeba maumivu ya wengine.

Na Walungu haijapata nafasi ya kusahau. Wakaaji wa Kaniola bado wanakumbuka mauaji ya Mei 2007. Mwezi wa pili mwaka 2025, AFC/M23 iliingia Bukavu, na vita vikagusa tena vijiji vya jimbo. Mwenye kusikiliza naye ana familia ya kukimbiza.

Tuseme mhudumu wa namna hiyo ana miaka 58. Sheria ya mwaka 2016 ya usalama wa jamii imeweka umri wa retreti kuwa miaka 60, kwa mwanamume na mwanamke. Pensheni inahesabu miezi ya michango. Haihesabu nyimbo alizozisikiliza.

Kinachomsaidia hakihitaji mashine: likizo ya kweli, zamu na mwenzake, na mtu wa kumsikiliza yeye pia. Tena anahitaji kijana wa kukaa pembeni yake kabla hajaondoka. Kuna mambo yasiyoandikwa kwenye ripoti: wimbo gani wa Mashi ni wa kilio na upi ni wa arusi, mama gani asiulizwe mbele ya wenzake, wakati gani wa kuzima mashine na kunyamaza.

Akienda bila kuyaacha kwa mtu, wamama wa Mulamba watalazimika kuanza kusimulia upya, mbele ya mgeni.