Kabla hujaita tingatinga: kusawazisha shamba na kuzuia mmomonyoko Manchira

Tangu mahindi yaanze kuvunwa, simu nyingi zinazoingia kwangu kutoka upande wa Manchira zina swali moja: "Afisa, nikichonga shamba langu liwe tambarare kuna shida?" Wengi mmepata hela kidogo, pampu ipo, mnataka nyanya na vitunguu kiangazi hiki, na mwenye kijiko au tingatinga kashawatajia bei kwa saa.

Shida ipo, ila haipo kwenye kuchonga. Ipo kwenye maji. Ukibadilisha umbo la ardhi umebadilisha njia ya maji, na karibu kila kanuni inayohusu jambo hili, iwe ya kijiji au ya taifa, inauliza kitu kilekile: maji yakitoka kwako yanakwenda kwa nani, na yamebeba nini?

Kwetu hapa mashamba mengi ya mteremkoni hujibu swali hilo kwa neno moja: bwawani. Bwawa la Manchira ndilo linalowapa maji watu wa Mugumu. Udongo ukishafika mle hautoki. Unakaa chini na kula nafasi ya maji, na nafasi hiyo ikipungua, anayeumia kiangazi si mama wa mjini mwenye ndoo peke yake. Na wewe mwenye pampu umo.

Tupige hesabu kidogo, maana vijana wa biashara mnapenda namba. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye ekari moja ni kama lita 4,000 za maji. Mvua moja ya nguvu ya milimita 40 inakuwa lita 160,000. Kama shamba ni tupu, limelimwa kwa plau kufuata mteremko, na nusu tu ya maji hayo ikakimbia, basi matangi 80 ya lita elfu moja moja yameteremka kwenye ekari yako mchana mmoja. Yakichukua udongo wa unene wa milimita 1 tu, ambao hata huwezi kuuona kwa macho, zimeondoka takribani tani 5. Na udongo unaotangulia kuondoka ni ule wa juu, wenye samadi na mbolea uliyoilipia dukani.

Mita 60

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteza mtaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, zikiwa ni za kudumu au zikiwa ni za aina inayoweza kuharibu hifadhi ya ukingo huo. Nimeshasikia ubishi: "Nyanya ni miezi mitatu minne tu, hiyo sio ya kudumu." Soma nusu ya pili ya sentensi. Kulima udongo ukabaki wazi pembeni ya bwawa, halafu ukaweka na dawa za wadudu juu yake, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba hakuathiri ukingo.

Sasa chukua picha hii. Ekari moja ya mraba ina upande wa kama mita 64. Ukikodi ekari moja inayogusa maji, mita 60 zinaimeza karibu yote. Umelipa kodi ya ekari, umechonga ekari, umenunua mbegu ya ekari, na kihalali unabaki na ukanda wa mita 4. Mwenye shamba aliyekukodisha hatarudisha hela, tusidanganyane.

Na usipime Agosti maji yakiwa yamerudi nyuma. Tafuta alama ya juu kabisa ya maji bwawa likijaa, anzia hapo kwenda nchi kavu. Ukiwa na wasiwasi, afisa mazingira wa wilaya au watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria wakuoneshe mpaka kabla hujatoa hela ya kodi.

Nikiwa hapohapo kwenye bodi: kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji karatasi, lakini kuvuta maji ya mto au bwawa kwa pampu kwa kilimo cha biashara kunahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Makao makuu ya bodi hiyo yako Mwanza. Ombeni kama kikundi, hainogi kila mtu kufunga safari yake.

Sheria ndogo za kijiji

Vijana wengi wanadhani sheria ndogo ni maneno ya mwenyekiti. Hapana. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Ikishapita hapo ni sheria, na unaweza kupelekwa mahakamani kwayo. Nyingi zinagusa mambo ambayo wewe mwenye trekta utakutana nayo: kulima kingo za mito, kuchoma moto, kukata miti, kuchimba mchanga korongoni, kupitisha mifugo kwenye makorongo. Kila kijiji kina zake, na faini za kijiji A si za kijiji B. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe kusoma zile zenye mhuri wa wilaya, usitegemee za kusimuliwa na bodaboda.

Ukiwa mgeni wa kijiji hicho, mkataba wako wa kukodi upitie ofisi hiyohiyo na uandikwe nani anawajibika na makingamaji. Hiki kipengele watu wanakiruka kila siku. Mwenye ardhi anasema aliyelima ndiye mharibifu, aliyelima anasema ardhi si yangu, na korongo linaendelea kutembea.

Tambarare iliyoua udongo

Wakati wa mkoloni, milimani Uluguru huko Morogoro, watu walilazimishwa kuchimba ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa hiyohiyo ya kusawazisha. Lakini udongo wa juu wa milima ile ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba. Watu walitoa jasho wakavuna kidogo kuliko mwanzo. Mwaka 1955 ukazuka upinzani mkubwa Matombo, polisi wakaua mtu, na ngazi za lazima zikaishia hapo.

Nawakumbusha hilo kwa sababu tingatinga linafanya kwa saa tatu kile ambacho Waluguru walilazimishwa kukifanya kwa jembe. Linakata juu, linasukuma chini. Upande wa juu wa shamba unabaki na udongo mfu, mwekundu au wa changarawe, na upande wa chini unalundikana udongo mzuri uliolegea, unaosubiri mvua ya kwanza iuchukue. Msimu unaofuata unaniita nije kuona "ugonjwa" wa mahindi ya upande mmoja. Huo sio ugonjwa.

Kabla ya yote chimba mashimo matano hivi, juu, katikati na chini, ya kina cha magoti. Angalia udongo mweusi unaishia wapi. Ukikuta ni sentimita 15 au 20, achana na wazo la kuchonga shamba zima. Kama ni lazima usawazishe kipande, kwa mfano cha kitalu nyumba au majaruba madogo ya kumwagilia, udongo wa juu ukwanguliwe kwanza uwekwe pembeni, ndipo wa chini usawazishwe, kisha wa juu urudishwe. Dereva atalalamika kwamba anarudia kazi. Mlipe saa hizo, ni nafuu kuliko kununua samadi ya miaka mitano.

Kwa mashamba mengi ya Manchira mnachohitaji sio tambarare, ni makingamaji kwenye kontua, yaani mstari usiopanda wala kushuka. Unaupata kwa fremu A: miti miwili ya mita 2 na kidogo iliyofungwa juu, mmoja wa kuvukisha katikati, kamba yenye jiwe. Haina betri. Umbali wa makingamaji unategemea mteremko. Ukinyoosha kamba mita 10 na ardhi ikawa imeshuka nusu mita, mteremko wako ni asilimia 5, weka kingamaji kila baada ya mita 20 hivi. Ikishuka mita nzima ni asilimia 10, sogeza ziwe mita 13 au 14. Asilimia 15, kama mita 11. Zaidi ya hapo usipange peke yako, niite au muite afisa ugani wa kata yako. Ndugu zetu wa milima ya Tarime wenye kahawa na migomba, hii inawahusu zaidi maana huko miteremko ni ya kutisha.

Mtaro wa fanya juu ni upana wa sentimita 60 na kina cha 60, udongo unatupwa upande wa juu, unaacha nafasi ya shubiri moja ili usirudi mtaroni. Juu ya tuta panda matete au mabingobingo. Mizizi inashika tuta, majani unakatia ng'ombe au unauza. Kwa jicho la biashara, tuta lisilo na majani ni hasara, kwanza litabomoka, pili umeacha ardhi bure.

Kosa ninalolikuta zaidi ni mtaro uliochimbwa vizuri usio na mwisho. Kwenye udongo wa kichanga unaokunywa maji haraka, funga ncha zote mbili, maji yazame. Kwenye mbuga nyeusi, mtaro ukifungwa utajaa na kupasuka katikati, na kupasuka huko ndiko kunakoanzisha korongo. Huko mpe maji mteremko mdogo sana, sentimita 25 hadi 50 kwa kila mita 100, yaishie kwenye njia ya maji yenye nyasi. Isiwe kwenye shamba la jirani.

Jirani na barabara

Kabla ya kuchimba, pita na jirani wa chini. Mwoneshe kwa miguu maji yatapita wapi, muandikishane kwa mtendaji. Ugomvi wa maji ukishaingia kwenye ritongo, wazee watauliza kama ulimwambia, na "nilidhani ataona mwenyewe" si jibu.

Barabara nayo ni jirani. Makorongo mengi yanaanzia pale kalavati linapomwaga maji. Wengine mkiona hivyo mnaziba mtaro kwa mawe na magunia. Usifanye hivyo, maji yatakata barabara na utatafutwa. Kama ni barabara ya TARURA, peleka barua na picha ofisini kwao wilayani, nakala kwa diwani, na huku chini panda nyasi na weka vizuizi vya mawe kupunguza kasi.

Muda wa kazi hizi ni sasa, ardhi ikiwa kavu na shamba tupu. Kama mpango wenu unagusa njia ya maji ya watu wengi au mnataka sheria ndogo iboreshwe, unapaswa kupita kwenye mkutano wa kijiji, na mkutano wa kawaida hukaa kila miezi mitatu. Mkikosa wa Juni, unaofuata ni Septemba, na vuli itakuwa inabisha hodi. Wanaotaka tupime pamoja, njooni na kamba ya mita 10 na mikono ya kuchimba. Fremu A ninazo mbili.