Kijana Wako Kasomea Wadudu na Anataka Kazi Nje? Soma Hapa Kabla Hujauza Korosho

Leo salfa na ubwiri unga tunaviweka pembeni kidogo. Wazazi zaidi ya mmoja wameniuliza swali hili: "Bwana shamba, mtoto amemaliza SUA, kasomea wadudu. Kuna mtu anasema atampatia viza ya kazi Ulaya, ila anataka milioni kadhaa kwanza. Tuuze korosho tumlipe?"

Jibu langu: msiuze. Kwa kawaida viza ya kazi hufuata kazi. Mwajiri anatangulia, mkataba unafuata, viza inakuja mwisho. Mtu anayekuuzia viza bila kukuonyesha mwajiri anakuuzia hewa.

Je, elimu ya wadudu ina soko nje?

Inalo. Miaka ya 1950 Mwingereza M. J. Way alifanya utafiti Zanzibar kuhusu maji moto kwenye minazi. Yule mdudu anayefyonza nazi changa na korosho, Pseudotheraptus wayi, amepewa jina lake. Miaka ya karibuni watafiti wa Naliendele na SUA wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark kutumia maji moto hao hao dhidi ya mbu wa mikorosho. Kwa hiyo kijana aliyekua chini ya mikorosho ya Mtwara na akaisomea ana kitu cha kuwaonyesha watu wa mbali.

Milango iliyopo

1. Nairobi. Anzia hapa. Kituo cha icipe kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma Cambridge akarudi nyumbani. Alitaka wanasayansi wa Afrika wawe na mahali pa kufanyia kazi hapa hapa Afrika. Tangu 1983 wana mpango wa kusomesha shahada za juu za sayansi ya wadudu, uitwao ARPPIS, na Wajerumani kupitia DAAD wamekuwa wakifadhili. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini kibali cha kazi bado kinahitajika. Asiende kienyeji kwa sababu tu ni jirani.

2. Uingereza. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi inahitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni. Orodha ya waajiri hao iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, kwa hiyo jina ulilotajiwa unaweza kulikagua mwenyewe bure. Tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara kimepanda hadi pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa wenye PhD na wanaoanza kazi wana nafuu. Mtafiti aliyebobea anaweza kuomba viza ya vipaji, ile ya Global Talent, ambayo haihitaji mwajiri ila inahitaji machapisho na watu wa kumthibitisha.

3. Marekani. Viza ya H-1B huombwa na mwajiri. Kwa kawaida inagombaniwa kwa bahati nasibu, lakini vyuo vikuu na taasisi za utafiti zisizo za faida haziingii kwenye mchezo huo. Shida ni kwamba Septemba 2025 waliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi hiyo. Waajiri wengi hapo wanarudi nyuma.

4. Ujerumani. Tangu Juni 2024 kuna Chancenkarte, kadi ya kwenda kutafuta kazi hadi mwaka mmoja. Wanahesabu pointi za elimu, umri, uzoefu na lugha. Sisi wa diploma tusikate tamaa: mafunzo ya miaka miwili yanayotambuliwa na serikali yetu yanaweza kukubalika. Lakini lazima uonyeshe fedha za kujikimu ukiwa huko.

Aandae nini sasa hivi?

- Pasipoti, vyeti na matokeo yote ya chuo.
- Kazi inayoonekana: utafiti uliochapishwa, au angalau ripoti na takwimu za shambani.
- Barua za walimu na wasimamizi wanaomfahamu kweli.
- Mtihani wa Kiingereza kama nchi anayoiomba inautaka.
- Barua pepe kwa watafiti wa eneo lake. Nafasi nyingi za kazi hii hupitia shahada ya uzamili au PhD yenye ufadhili, siyo kwa dalali.

Tahadhari

Wakala akija, uliza leseni yake, kisha hakikisha kwa Kamishna wa Kazi. Akitaka hela kwa namba ya simu binafsi, akikwepa kutaja mwajiri, au akisema mtoto aende kwa viza ya utalii "mambo mengine mtamalizia huko huko", mfungieni mlango. Akikamatwa huko akifanya kazi bila kibali atarudishwa, na doa hilo litamfuata kila anapoomba viza nyingine.

Masharti haya hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote soma tovuti ya ubalozi au ya uhamiaji ya nchi husika. Hela ya korosho mmeitolea jasho. Ikitoka, itoke kwa ada ya shule, pasipoti au mtihani, vitu vyenye risiti.

Kazi njema, na maji moto kwenye mikorosho msiwaue!