Kitunguu Kinachongoja Baridi

Je, wajua kwamba kitunguu ulichokaangia mchuzi wa mchana kilikuwa na uwezo wa kutoa ua? Kipasue kingine toka juu hadi kwenye mizizi uone. Kila tabaka ni sehemu ya chini ya jani, iliyonenepa kwa akiba ya chakula. Chini kabisa, juu ya kile kisahani kigumu cha mizizi, kuna kichipukizi kidogo. Hicho ndicho huendelea kutoa majani au hugeuka kuwa ua.

Kinachokigeuza ni baridi. Vitunguu vinavyopandwa Ulaya kwa ajili ya maua tu, kama Allium giganteum kutoka Asia ya Kati, ambao hurefuka hadi mita moja na nusu na kubeba tufe la zambarau, huhitaji majuma kadhaa ya baridi ardhini kabla ya kuchanua. Hapa Kaloleni, mtaa wa Kisumu, hatuna baridi hiyo. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ni nadra usiku kushuka chini ya nyuzijoto 15. Hata kitunguu cha kawaida ulichonunua soko la Kibuye, ukikizika kwenye mkebe, kitakupa majani tele, na ua kwa nadra sana.

Kwa maoni yangu, tusihangaike na wageni hao. Wana ndugu hapa hapa Afrika Mashariki. Tangu 2009 uainishaji mkuu wa mimea umeweka vitunguu katika familia ya Amaryllidaceae, pamoja na Scadoxus multiflorus, mmea wa porini wenye tunguu kama lao. Huo haungoji baridi, hungoja mvua. Tunguu hulala kavu wakati wa kiangazi, na masika yakianza, kikonyo chenye madoadoa hutoka udongoni, mara nyingi kabla ya majani. Juu yake hufunguka tufe jekundu la vijiua hadi 200, kila kimoja na nyuzi sita zenye ncha za njano. Ukilitazama kwa karibu, huoni petali pana hata moja. Karibu wekundu wote ni wa nyuzi hizo na vipande vyembamba vya ua.

Jambo moja nalisisitiza kwa wenzangu wa ploti, ambako jiko na maua hukaa ukuta mmoja: tunguu hilo ni sumu. Lina laikorini, kemikali inayotapisha, na sehemu kadhaa za Afrika mmea huu umetumika kutengeneza sumu ya mishale. Usiliweke kamwe kwenye kapu la vitunguu, wala usimwachie mtoto alichimbe.

Ukiupata mmea huu kwa jirani, omba tunguu lake dogo la pembeni. Udongo mweusi wa kwetu hutuamisha maji na kuozesha tunguu, kwa hiyo tumia ndoo iliyotobolewa, uchanganye mchanga na samadi iliyooza, na uache shingo ya tunguu ichungulie juu. Majani yakinyauka, acha kumwagilia mpaka mvua irudi.