Jina la mama lilivyoponea chupuchupu Ujerumani

NILIPOIFUNGUA barua ile nilidhani imekosewa anwani. Ilikuwa Machi 2022, nami nilikuwa nyumbani Rubavu, miaka mitatu tangu nirudi kutoka Ujerumani. Mwenye duka mmoja wa mjini Köln, aliyekuwa ameniagiza katoni 40 za pilipili ya chupa, alinitumia nakala ya onyo la wakili. Wakili huyo alimtaka aache mara moja kuuza pilipili yenye jina lile, kwa sababu jina ni mali ya mteja wake.

Jina lenyewe ni la mama yangu mzazi. Ndiye aliyenifundisha kusaga pilipili hiyo, na nilipoanza kuiuza kwa Wajerumani mwaka 2016 sikuona jina jingine la kubandika kwenye chupa.

Na huyo "mteja" alikuwa nani? Mnunuzi wangu wa kwanza, mtu niliyekula naye meza moja. Simtaji, maana tulikwisha kupatana. Mwaka 2021 alikwenda kuliandikisha jina la mama kuwa alama yake ya biashara, mimi nikiwa huku nahesabu magunia.

Nawaandikia wenzangu mliorudi kutoka Ulaya, na ninyi mnaovusha bidhaa kila siku kati ya Goma na Rubavu, ili yaliyonikuta yasiwakute.

Anayetangulia ndiye mwenye jina

Ujerumani, kwa kawaida, jina ni la aliyetangulia kuliandikisha, si la aliyetangulia kulitumia. Kazi hiyo hufanywa na Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara, yenye makao makuu mjini Munich. Mimi niliishi miaka yote ile nikidhani kwamba risiti na leseni ya biashara vinatosha. Havitoshi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kwanza unatafuta bure katika daftari la ofisi hiyo kwenye intaneti kama jina lako, au linalofanana nalo, limekwisha kuchukuliwa. Usiruke hatua hii. Ofisi hukagua kama jina linafaa, kwa mfano kama halitaji tu bidhaa yenyewe, lakini haikagui kama linagongana na alama ya mtu mwingine. Hilo humwachia mwenye alama alalamike mwenyewe.

Kisha unajaza fomu na kuorodhesha bidhaa zako kwa madaraja, ambayo yako 45 duniani kote. Pilipili ya chupa, kahawa na chai ziko daraja la 30, nguo ziko la 25. Nilipolipa mimi, ada ilikuwa yuro 290 kwa ombi la intaneti, nayo inabeba hadi madaraja matatu. Una miezi mitatu ya kulipa. Ukipitisha, ombi linahesabiwa kuwa limeondolewa. Likikataliwa, fedha hairudi.

Alama ikishaandikishwa hutangazwa, na kwa miezi mitatu mwenye alama ya awali anaweza kuipinga. Ulinzi wake hudumu miaka 10 tangu siku ya kuomba, na unaweza kuihuisha tena na tena. Ila usipoitumia miaka mitano mfululizo, mwingine anaweza kuomba ifutwe.

Kosa la kurudi nyumbani mikono mitupu

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nilipokuwa na makazi Ujerumani ningeweza kuomba mwenyewe, bila wakili. Asiye na makazi wala ofisi kule hulazimika kuwa na mwakilishi, yaani wakili aliye huko. Wakili nililazimika kumlipa, tena wa kesi, si wa maombi.

Miezi mitatu ya pingamizi ilikuwa imekwisha pita. Ilibaki njia moja: kuomba alama ifutwe kwa sababu iliandikishwa kwa nia mbaya. Ada yake ilikuwa yuro 400, mbali na wakili. Aliyeshitakiwa hupewa miezi miwili ya kujibu. Akinyamaza, alama inafutwa. Wangu hakunyamaza.

Kilichoniokoa ni makaratasi. Nilikuwa nimehifadhi ankara za tangu 2016, lebo za kwanza, na barua ambayo yeye mwenyewe aliandika akiagiza "pilipili ya mama yako". Wakili wake alipoiona barua hiyo, alitaka suluhu. Mwaka 2023 alama ilihamishiwa kwangu, kila mtu akabeba gharama zake. Lakini duka la Köln lilikuwa limekwisha pata muuzaji mwingine, na katoni zangu 40 niliziuza Goma kwa bei ya hasara.

Njia ya kupitia nyumbani

Nilijifunza pia kwamba huhitaji kuwa Ulaya. Rwanda imo katika Itifaki ya Madrid tangu 2013, na Kenya tangu 1998. Ukiwa na ombi au alama nyumbani, unaweza kupitia ofisi ya kwenu na kuchagua nchi unazotaka katika ombi moja. Tena ukiomba nyumbani kwanza, una miezi sita ya kuomba kule huku ukihesabiwa tarehe ya ombi lako la nyumbani. Anayetaka Umoja wa Ulaya mzima hupeleka ombi kwenye ofisi iliyoko Alicante, Hispania, kwa ada iliyo kubwa zaidi.

Hataza ina sheria kali zaidi

Wengi huchanganya alama na hataza. Alama hulinda jina au nembo, hataza hulinda uvumbuzi. Jirani yangu fundi alibuni mashine ya kumenya karanga. Kwa furaha akaionyesha kwenye maonyesho, picha zikaenea kwenye simu. Mwaka uliofuata akaniuliza habari za hataza ya Ujerumani. Nilisikitika kumjibu: kitu kilichokwisha onyeshwa hadharani, popote duniani, si kipya tena.

Wajerumani wana hati ndogo ya uvumbuzi, idumuyo miaka isiyozidi 10, ambayo humsamehe mvumbuzi aliyeonyesha kazi yake mwenyewe ndani ya miezi sita kabla ya kuomba. Jirani yangu alikuwa amechelewa hata hiyo. Hataza kamili hudumu hadi miaka 20, lakini kuanzia mwaka wa tatu hulipiwa kila mwaka. Maombi yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, tafsiri ya Kijerumani ikaletwa baadaye, ndani ya miezi 12. Kwa hiyo funga mdomo kwanza, omba, ndipo uonyeshe.

Msomaji wangu, yuro 290 si fedha ndogo kwa anayevusha nyanya kwa kichwa. Ila mimi niliyesita kuzitoa nililipa mara nyingi zaidi. Mama hajui kusoma Kijerumani. Nilipomwonyesha cheti kutoka Munich, aliuliza swali moja tu: "Kwani jina langu lilikuwa limekwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.